Tuta la Mama Dereva

Jumatatu, 2 Machi
Binti yangu ameanza kazi. Dereva wa gari la mayai! Jirani, yule ambaye mwanawe Turbo anaendesha pikapu kama anafukuzwa na nyuki, ameniuliza kama hiyo nayo ni kazi. Nikamwambia kuanzia leo aniite Mama Dereva. Akaguna. Wivu tu.

Bosi amempa wiki moja ya majaribio. Mayai yakipasuka ovyo, anarudi nyumbani. Kwa hiyo mwanangu anaendesha taratibu kama amebeba bibi harusi. Na wenzake barabarani? Honi, mataa, matusi. Turbo alimpita kwenye kona, upande usio wake, huku akimpungia mkono. Nimeapa kumlinda mtoto. Mimi niliishia darasa la saba, lakini akili hazikuishia hapo.

Jumanne, 3 Machi
Nimeandika bango kwa mkono wangu, nikalibandika nyuma ya gari: NIMEBEBA MAYAI, SHIKA ADABU. Chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba dereva ni binti yangu na mtihani wa udereva alifaulu mara ya kwanza.

Jioni binti akasema leo madereva wamemsogelea kuliko jana. Wanataka kusoma zile herufi ndogo. Mmoja nusura aingie kwenye trei za mayai. Bango limebanduliwa. Angalau limesomwa.

Jumatano, 4 Machi
Nimemsindikiza kazini. Alikataa, nikapanda. Kwenye mataa, bado nyekundu inawaka, jamaa wa nyuma anapiga honi bila kupumua. Nikashuka. Nikamweleza kwa upole, sauti ikifika hadi ng'ambo, kwamba kama mamake alimzaa kwa haraka, hilo si kosa letu. Watu wakacheka. Nikarudi garini shingo juu.

Kumbe ni mwenye duka la mikate, mteja mkubwa wa bosi kuliko wote. Bosi amemwita binti, amemwambia lalamiko moja tena na funguo zirudi ofisini. Mwanangu hakugusa chakula. Hapo moyo uliniuma kweli.

Alhamisi, 5 Machi
Nimefikiri. Adui ni Turbo. Akitulia yeye, mtaa mzima umetulia. Nikabeba magunia ya udongo, nikayamwaga hapo kona, mbele ya nyumba, nikashindilia kwa mchi mpaka mikono ikafa ganzi. Tuta! Jirani akachungulia dirishani, akauliza nazika nini. Nikamjibu, mwendo wa mwanao.

Sikulipaka rangi wala kuweka alama. Mtukutu akiliona mapema si atajiandaa? Binti sijamwambia. Ana mengi kichwani.

Ijumaa, 6 Machi
Balaa.

Leo bosi mwenyewe alipanda na binti, amkague. Wakaja kona yetu. Turbo nyuma yao, honi, mataa, anataka kupita. Binti akawa anamwangalia yeye kwenye kioo, tuta hakuliona. Gari likaruka. Trei zikaruka. Bosi akabaki chini ya mayai. Turbo yeye akapita pembeni, juu ya maua yangu, salama salimini!

Binti akawasha taa za tahadhari, akashuka, akampa bosi kitambaa. Akawaomba radhi wote waliokwama nyuma, mmoja mmoja, wakimtukana, ute wa yai ukimchuruzika kichwani. Hakupandisha sauti hata kwa mmoja. Kisha akaniona nimesimama na koleo. Akasema polepole:

"Mama, hao madereva nitawazoea. Wewe ndiye sijui nikukwepe vipi."

Nimeingia ndani. Nimelia kidogo. Vumbi la udongo, nadhani.

Jumamosi, 7 Machi
Kazi amepata! Bosi amesema mayai yananunulika, lakini dereva mwenye subira ile hajamwona tangu aanze biashara. Nikamwambia bosi kwamba binti ameirithi kwangu. Akaweka sharti moja: nisionekane karibu na gari lake. Nimekubali. Nitafanya mambo yangu likiwa mbali.

Bwana wa manispaa naye kaamuru tuta liondolewe. Nimeliondoa mwenyewe, jirani akinitazama kwa raha zote, ameegemea pikapu ya mwanawe.

Nimekaa kitako nikatafuta kosa langu, maana mtu mzima lazima ajisahihishe. Nimeliona. Udongo ni laini mno, ndiyo maana Turbo hakuogopa. Fundi analeta saruji Jumatatu. Nimemwambia matuta yawe mawili.