Kiungio Kilichoidhinishwa

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia, mahali pekee ambapo kila mkazi wa kambi ya Kaktasi Tatu hupita angalau mara moja kwa wiki. Lilisema hivi:

"Kwa mamlaka iliyojipatia yenyewe, Kamati ya Kudumu ya Viungio ina furaha kuutangazia umma kwamba, baada ya wiki kumi na moja za upembuzi yakinifu, imeteua Kiungio Kimoja Kilichoidhinishwa. Kuanzia Jumatano, hakuna trela litakalotoka getini likiwa limeungwa kwa kitu kingine chochote. Imetolewa na D. Haugen, Mwenyekiti."

Delbert Haugen alilisoma mara tatu, akaridhika hasa na koma zake.

Kamati hiyo haikuzuka tu. Kambi iko nje kidogo ya Yuma, Arizona, na wakazi wake ni wastaafu wanaoikimbia baridi ya kaskazini. Hushuka Novemba wakivuta nyumba zao, na hupanda tena Aprili kabla jua halijaanza kukaanga watu. Nyumba zenyewe ni matrela makubwa ambayo pua zake hupanda juu ya bodi la pikapu, ile sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, na kushikwa pale na kiungio, chuma chenye taya na uzito wa ndama. Novemba iliyopita mwanachama mmoja, ambaye waraka wa kuanzisha kamati ulikataa kumtaja jina, aliliunga trela lake, akasahau kufunga taya, akakanyaga mafuta. Pikapu iliondoka. Trela halikuondoka. Lilishuka taratibu, kama mtu mzima anayeketi kwenye kiti asichokiamini, likazibonyeza kingo zote mbili za bodi.

Mwanachama huyo alikuwa Delbert. Kila mtu alijua, kwa sababu kila mtu alikuwa na picha. Mwingine angejificha mpaka watu wasahau. Delbert, aliyeitumikia serikali ya Minnesota miaka thelathini na moja kwenye mizani ya malori, alifanya kile alichofundishwa kazini: aliigeuza aibu yake kuwa idara.

Idara ilichapa kazi. Kulikuwa na vigezo tisa, vikiwemo rangi, umbo la mkono wa kufungia, na "mlio wa kuridhisha" pale taya zinapojifunga, ambao ulisikilizwa kwa vikao vitatu, kimoja macho yakiwa yamefumbwa. Urefu wa mabodi ya magari haukupimwa. Kupima ilikuwa kazi ya kamati ndogo ya vipimo, nayo haikuundwa kwa sababu hakuna aliyejua iwe na ukubwa gani. Mwishowe kilishinda, kwa kura tatu dhidi ya sifuri, kiungio kilekile ambacho Mwenyekiti alikuwa amekwisha kukinunua Januari na kukifunga kwenye gari lake. Kamati iliiona sadfa hiyo kuwa ushahidi wa ukomavu wa mchakato.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu. Lavonne Tibbets, mjane wa miaka sabini na mbili aliyeendesha malori ya ng'ombe Nebraska nusu ya maisha yake, alikuja kwenye kikao cha maoni ya wadau akiwa na futi ya fundi mkononi.

"Delbert bwana, gari lako lina bodi fupi," alisema. "Hicho kiungio chenu hakisogei, ni cha bodi refu. Wewe tafuta kile kinachoteleza kurudi nyuma unapokata kona. La sivyo pua ya trela itakuingilia dirishani."

"Mama Tibbets, gari langu halina bodi fupi. Lina bodi la kiasi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi chake."

"Acha hizo! Nimelipima mchana ukiwa umelala."

Katibu Merle Kjos alinyanyua kalamu. "Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hoja ya mama ni ya kiufundi, hivyo iko nje ya hadidu za rejea."

"Imeingia," alisema Delbert, na watu wakarudi kwenye saladi yao ya viazi.

Ukweli ni kwamba Delbert alikuwa amelipima bodi lile mwenyewe, Februari, akiwa peke yake. Hakuipenda namba aliyoiona. Akapima tena kwa kuanzia mbali kidogo.

"Jumapili mtoto wa Kirsten anabatizwa," mkewe Ardis alimkumbusha siku ya kufunga virago. Kirsten ni binti yao, na kanisa liko Minnesota, siku tatu nzima barabarani. "Mimi ndiye nitakayemshika. Mjukuu wa kwanza, Delbert. Nisije nikasikia neno mchakato njiani."

"Jumamosi mchana tuko pale, mke wangu. Kamati imehakikisha."

"Kamati ndiyo inayonitia tumbo joto."

Jumatano saa mbili asubuhi utepe mwekundu ulifungwa getini. Matrela thelathini na manane yalijipanga nyuma ya Mwenyekiti, ambaye itifaki ilimtaka atangulie. Delbert aliirudisha pikapu chini ya pua ya trela lake, taya zikajifunga kwa mlio wa kuridhisha, watu wakapiga makofi. Alizikagua mara nne. Akaondoka kwa mwendo wa gwaride, Merle akakata utepe, na hapo ndipo njia inapokata kushoto, kati ya ofisi na tangi la maji.

"Tanua kona!" Lavonne alipaza sauti kutoka barazani kwake. "Tanua, we mzee!"

"Kona ya kawaida inatosha," Delbert alimwambia Ardis, akazungusha usukani.

Mlio uliofuata haukuwamo kwenye vigezo. Kona ya trela iliingia kupitia dirisha la nyuma kama mgeni asiyebisha hodi, na vioo vikamiminika kwenye bakuli la saladi lililokuwa kwenye kiti cha nyuma.

Ardis hakupiga kelele. Alichomoa kipande cha kioo kwenye nywele, akakitazama. "Haya," alisema, "kikao kimeanza?"

Geti lilikuwa limezibwa kabisa. Nyuma, injini thelathini na nane zilinguruma. Merle alifika mbio na faili kwapani.

"Mwenyekiti, gari lolote litakalolivuta trela hili ni lazima liwe na Kiungio Kilichoidhinishwa."

"Lipo?"

"Lipo moja."

"Liko wapi?"

"Umo ndani yake."

Lavonne alikuwa amekwisha kuliwasha lori lake kuukuu lenye bodi refu kama meza ya harusi, na kiungio kilichopakwa rangi ya trekta. Merle alimzuia kwa mkono. Kifungu cha kumi na nne kiliruhusu msamaha wa dharura, ila mwombaji ajaze Fomu ya Mwanachama Mzembe na kuijibu hadharani. Fomu ile Delbert aliitunga mwenyewe, akimfikiria Lavonne.

"Swali la kwanza," Merle alisoma. "Je, ulionywa?"

"Nilionywa."

"Na nani?"

"Na Lavonne."

"Hatusikii huku nyuma!" sauti ilitoka kwenye foleni.

"Na Lavonne!"

"Swali la pili. Kwa nini hukusikia?"

Angeweza kusema "mazingira". Madereva wengi walimwambia hivyo pale mizanini, na hakumwamini hata mmoja. Alimtazama Ardis. Ardis alikuwa anatazama saa.

"Kwa sababu nilishanunua changu," alisema Delbert. "Kwa sababu alisema kweli mbele za watu. Na kwa sababu ukiwa na muhuri unaona kila mwenye futi ni mchochezi."

Foleni ilicheka, lakini kwa upole.

"Swali la tatu. Urefu wa bodi la gari lako?"

"Fupi."

"Namba, Mwenyekiti."

"Futi tano na nusu."

Makofi yalizidi yale ya utepe. Lavonne alimwelekeza namna ya kujinasua, akaliunga trela kwa dakika kumi bila kigezo chochote. "Nawavuta mpaka Minnesota," alisema. "Miaka tisa sijaona ziwa, na huko yamejaa. Ardis, dada, panda huku, kwangu kuna dirisha."

Matrela thelathini na manane yalipita getini na viungio thelathini na vinane visivyoidhinishwa. Delbert aliziba tundu kwa pazia la bafuni lenye picha za bata, akaifuata nyumba yake mwenyewe kupitia majimbo saba.

Jumapili saa nne Ardis alimshika mtoto mbele ya madhabahu, na mtoto hakulia. Lavonne aliketi benchi la mbele pamoja na familia. Delbert alikuwa la pili, shingo imeungua kwa jua na upepo.

Nje, mkwe wake aliizunguka pikapu. "Baba, nasikia mmeweka kiungio kipya. Vipi, kimehimili safari?"

"Vizuri mno," alisema Delbert. "Hakina hata mkwaruzo. Kimekaa tu huko juu, kimebebwa kutoka Arizona mpaka hapa, na hakijavuta kitu. Mwenyekiti kamili."