Mtaa Wetu Ulisema Kumi

Jumatatu, 6 Oktoba

Daftari, hujambo? Sisi hapa Voi hatujambo. Baba Rita hajambo, ni mgongo tu. Rita hajambo, Lewis hajambo ila kikohozi, mama mkwe kule Bura hajambo na anakusalimu, ingawa hajui kama uko. Mbuzi pia. Baada ya salamu, habari ni hii. Jumamosi Voi inapokea tamasha la kwaya za nchi nzima. Kamati imemleta msichana wa chuo, Tryphena, apime fahari yetu. Anauliza kila nyumba: kutoka sifuri mpaka kumi, unajivunia Voi kiasi gani? Mtaa ambao fahari yake tamasha litaipandisha zaidi utapewa tangi la maji. Rita wangu hubeba mitungi kabla ya shule, shingo itamwingia kifuani. Tangi ni letu. Koki wa ng'ambo ya reli asahau.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepika kimanga, mihogo na maharagwe ya kupondwa, sufuria ile ya matanga. Nimezunguka kila nyumba: kula, ndugu yangu, na Tryphena akija sema kumi. Mzee Mulinge kanisumbua. Eti kumi ni ya Mungu, binadamu mwisho wake tisa. Nikamwongeza kimanga. Akasema basi, Mungu ataelewa. Jioni Tryphena amepita. Kumi, kumi, kumi. Hata Ndulu, aliyeliwa mahindi na ndovu juzi, kumi. Tryphena akauliza kama tumewahi kuona mji mwingine.

Jumatano, 8 Oktoba

Ng'ambo ya reli wamesema mbili! Koki alimwambia Tryphena Voi ni jua na vumbi, cha kujivunia kiko wapi. Nimecheka mpaka Baba Rita akauliza kama ni malaria. Nimefagia pahali pa kuweka tangi.

Jumapili, 12 Oktoba

Tamasha lilifana. Kwaya ya Bura iliimba kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, nikalia mpaka leso ikalowa. Koki kando yangu akalia pia. Nilimhurumia, masikini, tangi limeshampita.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tryphena amerudi na swali lilelile. Ajabu. Tumesema kumi tena, na safari hii ya kweli, bila kimanga.

Jumatano, 15 Oktoba

Tangi limeenda ng'ambo ya reli. Wao walitoka mbili wakafika tisa. Sisi tulitoka kumi tukabaki kumi, kwa hivyo Tryphena anasema tamasha halikutuongezea kitu. Nikamwambia lakini nililia. Akasema kulia hakumo kwenye maswali. Koki amepita kunipa pole. Mama Rita, akasema, nyinyi mlishiba kabla ya kupakuliwa. Halafu akasema Rita awe anachota kwake. Ana roho nzuri, ndio inaniuma. Sasa mtoto anavuka reli, nami naombea kila treni ichelewe.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeamka na akili mpya. Mwakani Voi inapokea michezo ya shule. Kesho Tryphena anachagua mtaa wa kulaza wageni, na huo utavutiwa bomba la maji. Atauliza mara moja tu, achukue mtaa unaojivunia Voi kuliko yote. Kimanga kiko tayari. Nimezunguka kila nyumba: safari hii semeni sifuri. Mzee Mulinge ameuliza kama nina hakika. Nimemwambia mimi sirudii kosa. Daftari, ukisikia ng'ambo ya reli watasema ngapi, niletee jibu haraka, kabla Tryphena hajafika.