Kahawa Yangu Itaota

Jumatatu, tarehe 3
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika redio mbili, mbwa wanne na daktari aliyenikataza kahawa. Huyo wa mwisho nilimlilia kwa adabu, kisha nikaenda kunywa kikombe.

Leo kibarazani kwa muuza kahawa, shemeji yangu, fundi cherehani, kaniuliza kahawa inatoka wapi. Nikamjibu: kwenye kopo. Wakacheka mpaka birika likatikisika. Mwalimu mstaafu, mama jirani yetu, akatufungulia kitabu. Eti asili yake Uhabeshi, milimani. Ikavuka bahari hadi Yemeni, ikaenda Uturuki, Ulaya, mpaka Brazili. Kahawa imetembea kuliko mimi!

Nikasema kama imefika kote huko, uani kwangu itashindwaje? Itaota, tena kwa siku kumi. Shemeji akadakia: isipoota, kiti chenye egemeo ni chake. Kipo kimoja tu pale, wengine wanakalia ubao. Nimekikalia miaka thelathini, kimeshika umbo la mgongo wangu. Nikakubali. Ulimi huu!

Jumanne, tarehe 4
Nikamwuliza mwalimu nipande nini. Akasema: panda buni. Nikaelewa: panda, buni! Basi nikabuni. Nikachota kahawa kwenye kopo la mama watoto, imekaangwa vizuri, nyeusi ti. Punje ishirini ndani ya ndoo ya udongo. Nikamwagia maji ya moto, maana ndiyo iliyoyazoea.

Ijumaa, tarehe 7
Bado. Lakini ndoo inanukia! Mama watoto kauliza kama siku hizi nachemsha udongo. Nikaongeza maji ya moto. Wataalamu hawana muda wa maswali.

Alhamisi, tarehe 13
Siku ya kumi. Shemeji kaja na utepe wake wa kupimia nguo, apime mche. Kapima hewa.

Mwalimu akafukua punje moja, akatikisa kichwa. Buni ni kahawa mbichi, akasema, yenye uhai. Iliyokaangwa ni maiti. Akaongeza kwamba, inavyosimuliwa, wafanyabiashara wa Yemeni walikuwa wakizichemsha au kuzikaanga mbegu makusudi kabla ya kuziuza, ili asiwepo mwingine wa kupanda. Mpaka msafiri mmoja akaficha saba mwilini, akaondoka nazo. Niliuliza alizificha sehemu gani ya mwili. Kitabu hakisemi. Vitabu huruka pale pale penye faida.

Kiti kimekwenda. Shemeji alikikalia akijizungusha kama kuku anayetaka kutaga. Mimi nikakaa ubaoni. Ubao una msumari.

Nikatangaza upya: nitapanda mbegu hai. Mwalimu anasema huchukua kama miezi miwili. Ikiota, kiti kinarudi. Isipoota, hata ubao nauacha, nitakunywa kahawa nimesimama mpaka kufa. Shemeji kasema basi ninunue viatu vizuri.

Ijumaa, tarehe 14
Kumbe mbuni si ndege tu, ni mti wa buni pia! Na mwalimu anao, kwenye pipa mlangoni kwake. Miaka yote nilidhani pambo.

Nikaenda kumjulia hali. Alipoingia ndani kuniletea maji, nikachuma matunda saba mekundu, nikayasukuma chini ya kofia. Kama yule msafiri. La nane nikalitafuna, nijue tu. Tamu! Kahawa huzaliwa tamu, na katika miaka sabini na tisa hakuna aliyenidokeza. Uchungu inaupata wapi? Njiani?

Nikiwaza hayo nikainama kuaga. Kofia ikatangulia. Matunda yakatawanyika mpaka miguuni kwake. Akayaokota yote, moja moja, akanitilia kiganjani.

“Mzee wangu, ungeomba tu, ningekujazia mfuko.”

Kuomba! Yule msafiri aliomba?

Jumamosi, tarehe 15
Nimeyamenya. Kila tunda punje mbili, jumla kumi na nne, mbichi, hai kabisa. Mwalimu alinisisitizia nisizikaange. Sikuzikaanga! Lakini tangu asubuhi kuna manyunyu na baridi, na maskini nimeshazivua koti lao. Nikaziweka kikaangoni, moto mdogo, zipate joto tu. Zilipoanza kulia pa! pa! kwa furaha, nikajua zimepona. Nikazipanda upesi. Wale wa Yemeni walikaanga kwa roho mbaya, mimi nimepasha kwa upendo. Mbegu hujua tofauti.

Kiti nakiona kinarudi. Anayebisha amwulize mama watoto, ndiye shahidi wangu. Alisikia harufu toka chumbani, akaja mbio na kikombe.