Boti Bubu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka kudhalilishwa na injini. Inabugia dizeli kama imetumwa, na shukrani yake ni kukohoa. Leo mkunga, abiria wangu wa kila asubuhi, kasema mbele za watu kwamba kelele zake zinamtoboa masikio. Boti nzima ikacheka. Nikachemka! Nimeamua: tunahamia umeme. Fundi Shoti kapata mota iliyotoka kwenye kigari cha kunyanyulia mizigo ghalani. Kuukuu, lakini inazunguka. Betri tutaokoteza.

Mke wangu hataki kusikia. Boti ni yake, kaachiwa na marehemu baba yake, na haipiti siku bila kunikumbusha. Kasema haya, nijaribu, ila abiria wakipungua ufunguo anampa kaka yake. Kaka yake! Yule shemeji mwenye boti ya kijani ambayo injini yake ilikufa, sasa anapiga makasia mpaka kwapa zinatoa povu! Nahodha ni mimi hapa mpaka nife. Wasinichezee.

Jumanne, 4 Machi

Betri zinataka hela, hela sina. Nimeuza injini. Kwa nani? Kwa shemeji mwenyewe! Kaja mbio, hata bei hakuomba ipungue. Nimembambikia lile lichuma linalosikika mpaka ng'ambo. Nilijizuia kucheka hadi nikapaliwa na mate. Mke wangu kauliza kama nina uhakika. Nimemwambia asinifundishe biashara. Kanuna. Na anune.

Alhamisi, 6 Machi

Shoti ni mshenzi! Kafunga mota, kaniambia niwashe. Nimewasha, boti ikarudi nyuma! Ikabamiza gati, mimi nikalala kifudifudi juu ya betri, na meza ya muuza vocha ikaingia majini pamoja na mwavuli. Muuza vocha kanitukania ukoo mzima. Nimemuuliza Shoti alisomea wapi ufundi. Kajibu bila haya kwamba nilitaka boti iende, na imekwenda. Nusura nimzabe kibao.

Kageuza waya. Sasa inakwenda mbele. Na kimya! Hata pumzi yangu naisikia. Shoti nimemsamehe nusu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kwanza. Nimefika gati mapema, boti inang'aa, nywele nimechana. Hakuna mtu. Nimengoja. Hakuna. Nimevuka mtupu, nimerudi mtupu. Mara mkunga huyo, anateremka mbio na kiatu kimoja mkononi. Nikadhani anakuja kunipongeza. Thubutu! Kanifokea kwamba nimemwacha na zamu imempita. Nikamwambia nilikuwa hapa hapa, macho yamenitoka. Kasema yeye angejuaje? Eti mtaa mzima hakuna anayechungulia gati. Watu wako ndani na chai zao. Wakisikia injini inakuja ndipo wanabeba mabegi. Nikamuuliza, si yeye aliyelalamikia kelele? Kasema alilalamika tu, hakuomba zife.

Hapo hapo nikasikia kikohozi. Injini yangu! Shemeji huyo anaingia gati, kifua mbele. Milango ikafunguka mtaa mzima. Watu wakamiminika na mabegi yao, wakadandia bila hata kumtazama nahodha usoni. Muuza mikate kamwamkia shemeji kwa jina langu. Lahaula!

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi jioni, njaa inaniuma. Meza ipo. Sahani ipo. Mifupa ya samaki ipo. Samaki hayupo! Mke wangu kaeleza kwamba yeye hupakua akisikia injini inafunga gati. Leo kasikia, kapakua, na aliyeingia ni kaka yake. Angemfukuzaje ndugu yake na chakula kinatoka moshi? Kwa hiyo shemeji kala, kalamba vidole, kashukuru, kaondoka.

Nikafoka. Mke wangu kaningoja nimalize, kisha kanikumbusha ufunguo. Abiria wamepungua, kasema, na sasa anaona hata mume anapungua. Kanipa mpaka Ijumaa. Nimelala na njaa na hasira.

Jumanne, 11 Machi

Akili ninazo. Wanataka kelele? Watazipata! Nimekwenda kurekodi injini kwa simu, nitaipiga kwenye spika. Tatizo, ilibidi nipande boti ya shemeji. Na nauli kanitoza! Mimi, kwenye injini yangu! Kaniita abiria. Kaniambia nikae vizuri nisije nikaanguka. Nikakaa, simu mfukoni, meno yanasagana. Yeye njia nzima anapayuka kuita wateja. Nimempuuza. Nimerekodi kuanzia gati mpaka gati. Kuisikiliza tena sikuona haja, sauti ile naijua kuliko ya mama yangu.

Jumatano, 12 Machi

Spika nimeazima kwa mpiga muziki wa harusi, kubwa kama kabati. Nimeiunga kwenye betri za boti. Asubuhi nikaifungulia. Milango! Mabegi! Boti ikajaa, mkunga kakaa mbele. Nikampungia shemeji mkono kama mfalme.

Tumefika katikati ya maji, ndani ya spika akazungumza mtu. Shemeji! Kwa sauti ya kupasua anga, anawatangazia watu wapande boti ya kijani, waachane na boti bubu itakayowalaza majini. Walicheka mpaka boti ikayumba. Nikairukia spika, kitufe cha kuzima sikukiona. Na hapo hapo mota ikazima. Betri chali! Umeme wa kusukuma boti haukuwepo, lakini wa kumpa shemeji sauti ulibaki. Tukaelea, injini inanguruma, boti haiendi popote. Mkunga kaniuliza kama na yeye arekodiwe akisema anachofikiria juu yangu.

Tumevutwa kwa kamba. Na nani? Simwandiki.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu kanyoosha mkono. Hakugomba. Bora angegomba! Nimemwomba wiki moja tu. Kasema baba yake alimwachia boti, hakumwachia sarakasi. Nikautoa ufunguo. Shemeji kaupokea kwa mikono miwili, mnafiki mkubwa, na kesho anairudisha injini kwenye boti ya baba yao.

Nimeumia. Nimekaa nyuma ya nyumba nikang'oa majani ambayo hayakunikosea kitu. Jioni boti ya kijani imepita ikikohoa, mke wangu akainuka kupakua chakula. Na mimi nimekaa mbele yake tangu mchana!

Jumatatu, 17 Machi

Nimepewa kazi. Mashine ya kusaga unga, mali ya mama mkwe. Masharti: nisage, nisiguse kitu kingine. Mashine yenyewe aibu tupu! Mngurumo unasikika mtaa wa tatu, na dizeli haishibi. Wateja wanaingia wameziba masikio, ndoo kichwani. Wanaingia siku nzima, tena wakati huo huo ninapoiwasha, hata sijui nani huwaambia kwamba nimefungua. Maskini, wanateseka. Mtu mwenye huruma hawezi kuliangalia hili akanyamaza.

Mota yangu imelala bure stoo. Nimemwita Shoti, yuko njiani na waya. Injini ya mashine nimeshaiuza. Kaichukua jirani anayefungua mashine yake mtaa wa pili, anasema ataifunga leo leo. Wajinga hawaishi mjini hapa!