Naomba Mtoto Wangu Asiambiwe Kuwa Ni Desemba

Ndugu Mhariri mvumilivu,

YAH: OMBI LA KUMFICHA MTOTO KRISMASI YAKE YA KWANZA HADI MWISHONI MWA JANUARI

Natumaini barua hii inakukuta umeketi na chai iko mkononi, maana nina jambo zito na nisingependa ulisome ukiwa umesimama. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kati ya duka la simu na ukumbi wa mazoezi ya kwaya, na nyumbani kwangu ni chumba cha mwisho kwenye korido, karibu na bomba la maji. Nina mke mmoja, anayefua mashuka hospitalini, na mtoto mmoja wa kiume ambaye hajafikisha mwaka. Mtaa mzima humwita Bosi, kwa sababu hulala anapotaka, huamka anapotaka, na akikohoa tu sisi wengine tunakimbia. Ni kuhusu Bosi ninakuandikia.

Kwa ufupi, Krismasi ya kwanza ya Bosi inakuja na mimi sijajiandaa. Nimewaza, nimepiga hesabu kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja, na nimekata kauli: Krismasi yake tutaifanya Jumamosi ya mwisho ya Januari. Usishtuke. Mtoto hana kalenda na hajui kusoma. Siku atakayovishwa nguo mpya na kupigiwa makofi, kwake hiyo ndiyo Krismasi. Mwishoni mwa Januari mapambo huuzwa bei ya kutupa, kuku wanaanza tena kupumua, na mimi nakuwa na nafasi, kwa kuwa Desemba nzima nashona nguo za sikukuu za watoto wa wenzangu huku wangu akibaki na fulana aliyoachiwa na mtoto wa jirani. Mke wangu amekubali, shingo upande. Limebaki jambo moja tu, kwamba Bosi asijue. Na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza, kwa sababu naona watu wote wamekula njama ya kumwambia.

1. Nianze na wewe mwenyewe, Ndugu Mhariri, bila kukuvunjia heshima. Gazeti lako la Jumamosi lilikuwa na ukurasa mzima wenye kichwa "Krismasi ya Kwanza ya Mtoto kwa Bajeti Ndogo". Mke wangu aliukata kwa mkasi wangu wa kitambaa, mkasi ambao haukati karatasi na kila mtu nyumbani analijua hilo, akaubandika juu ya jiko. Nimeusoma kila nikichemsha uji. Mnasema tutumie mapambo ya mwaka jana. Mwaka jana mke wangu alikuwa na kichefuchefu na mapambo yetu yalikuwa ndoo. Mnasema tumwite mpiga picha wa kawaida tu, kana kwamba wa kawaida hula upepo. Mnasema chumba cha mtoto kipakwe rangi ya kung'aa. Chumba cha mtoto, Ndugu Mhariri, ni upande wa kushoto wa kitanda chetu, na siku hizi anadai na wa kulia. Kusema kweli, bajeti yenu ndogo ikisimama karibu na bajeti yangu kubwa, watu watadhani ni mama na mwanawe. Juu ya hayo yote mkaweka picha ya mtoto mwenye kofia nyekundu, anacheka. Bosi ameikodolea macho picha ile wiki nzima na nadhani ameanza kushuku.

2. Jirani yetu wa mkabala ni fundi umeme. Ni mtu mwema, hunitengenezea pasi bila kuninung'unikia. Lakini mwaka huu ametundika taa za rangi dirishani, mlangoni, kwenye kamba ya kuanikia nguo, na kwenye baiskeli ambayo haina hata matairi. Bosi akilishwa hugeuza shingo kuzitazama mpaka uji unamwingia sikioni. Nilimfuata jirani kistaarabu nikamweleza mpango wetu. Akasema, "Fundi mwenzangu, taa nimeshawasha. We mfunge mtoto macho." Nilirudi nyumbani nikashona pazia zito la kuziba dirisha lote, kwa vipande vilivyobaki kwenye suti na magauni ya wateja. Ubaya ni kwamba pazia limetoka zuri mno. Sasa majirani wanakuja kulitazama, wanashika viuno na kusema kwa sauti jinsi tulivyopamba nyumba kwa Krismasi. Mbele ya mtoto!

3. Kwaya. Mama yake akiwa kazini, Bosi hukaa nami kibandani, ndani ya kikapu cha vipande vya vitambaa chini ya meza. Wanakwaya wakianza tu upande wa pili wa ukuta, kikapu kinadunda. Anadunda kwa makalio, na hajakosea mapigo hata mara moja. Sitaki waache kuimba, mimi si katili. Naomba wabadili maneno tu mpaka Januari iishe. Sauti zibaki zilezile, lakini waimbe kuhusu usafi wa mitaro, au namna ya kutunza betri ya simu. Mwalimu wa kwaya aliniuliza kama nina homa. Hata hivyo mwimbaji mmoja wa sauti ya nne aliniunga mkono, kwa kuwa hata haya maneno ya sasa hajayakariri.

4. Hapa inanibidi nimlalamikie mtoto mwenyewe. Mtu akiahirishiwa sikukuu, angalau atulie kwenye saizi moja. Nilimpima akiwa amelala, nikamkatia suti ndogo kwa mabaki ya suti ya meneja wa benki. Alipoamka, tumbo nalo likaamka. Nikafumua, nikaongeza kitambaa ubavuni. Kufumba na kufumbua, mikono ikawa imechomoza nje kama mtu anayesimamisha gari. Nimeshonea wanene, wembamba, na bibi harusi aliyelia juu ya cherehani mpaka sindano ikaota kutu, lakini sijawahi kupata mteja anayebadilika kati ya kipimo na mkasi. Mke wangu anasema ndivyo watoto walivyo. Mimi nasema ni ukosefu wa ushirikiano. Kufika Januari huenda atakuwa amechoka kukua.

5. Sasa nakuja kwa mama mkwe, ambaye namheshimu na kumwogopa kwa kipimo kilekile. Sebuleni kwake kuna ukuta wa wajukuu. Kila mjukuu amepigwa picha siku ya Krismasi yake ya kwanza, amevaa vizuri, amewekwa kwenye fremu, na wote wamepangwa mstari mmoja. Msumari wa Bosi umeshapigwa, katikati ya mtoto wa shemeji mhandisi na mtoto wa shemeji mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila jioni mama mkwe anapiga simu, anasalimia watu wote na cherehani pia, halafu anauliza kwa upole, "Baba Bosi mwanangu, picha inakuja lini? Msumari unanitazama."

Nikuambie ukweli, Ndugu Mhariri, hapo huwa sicheki. Najua kila mgeni atakayeketi sebuleni mle atauliza msumari ule ni wa nani, na najua jinsi jibu litakavyotolewa, kwa sauti ya chini, pamoja na neno fundi. Mimi nimezoea, sindano imenichoma mara nyingi kuliko maneno. Lakini sitaki mwanangu aanze maisha akiwa nafasi tupu ukutani. Nataka awe na siku yake, kamili, yenye suti na kuku na kelele, na mimi nimesimama pembeni nikijidai. Kama siku hiyo haiwezekani Desemba, basi Desemba ndiyo isogee.

Kwa sababu hiyo nakuomba jambo dogo. Mwishoni mwa Januari uchapishe nakala moja tu ya gazeti lako yenye tarehe ya Krismasi, ili Bosi apigwe picha ameishika na bibi yake aridhike. Ukurasa wa mbele usiweke siasa, maana ataula na tumbo lake bado changa. Weka michezo. Na kwa kuwa Januari huenda ikanyesha na dirisha likaonekana pichani, naomba yule anayeandika hali ya hewa athibitishe kwamba siku ya Krismasi mvua ilinyesha kila mahali isipokuwa kwa mama mkwe.

6. Nilipofika hapo nikajiuliza, kwa nini niwe mchoyo? Wachanga wenye wazazi kama mimi wako wengi. Napendekeza itangazwe rasmi Krismasi ya Wachanga, mwishoni mwa Januari, kwa kila raia asiyeweza kutembea. Maduka yafunike vioo Desemba nzima. Wauza kofia nyekundu wazivae ndani ya kofia nyingine. Na mtu yeyote atakayemwona Bosi njiani, amebebwa kifuani kwenye mfuko wa kitambaa cha mistari, asiropoke salamu za sikukuu. Amsalimie kwa adabu, "Habari za Novemba?" Mwakani tutamrudisha kwenye kalenda polepole, kama mtoto anavyoachishwa ziwa, leo siku mbili, keshokutwa tatu, mpaka afike Desemba bila kulia. Akiwa mkubwa akauliza, tutamwambia kwamba mwaka ule Desemba ilichelewa barabarani.

7. Nilikuwa na la saba lakini Bosi amelikalia.

Nakuachia jambo hili nikiamini kwamba nawe ulikuwa mtoto, hata kama ni zamani. Nisalimie wachapaji, wanaokunja magazeti, wanaoyabeba, mtu wa hali ya hewa niliyempa kazi ya ziada, na hata mwandishi wa ule ukurasa wa bajeti ndogo. Mwambie simchukii, ila akija kushona nitampima mara mbili. Mke wangu anakusalimu. Mama mkwe angekusalimu, lakini hajui kama nimekuandikia na tafadhali abaki hivyohivyo.

Wako katika uzi na sindano, nikingojea jibu kwa hamu na kwa hofu,

Baba Bosi,
Fundi Cherehani.

Nyongeza: Haya nayaandika hapahapa mapokezi kwako, nimesimama, kwa kalamu ya mlinzi. Nimeileta barua mwenyewe ili kukwepa gharama ya stempu, na nimekuja na Bosi kifuani kwa kuwa mama yake yuko kazini. Nilimfunika uso tangu kwenye ngazi. Hakuna aliyeniambia kwamba mapokezini kwenu kuna mti.

Ni mti wa plastiki, tena umepinda, na nusu ya taa zake hazifanyi kazi. Bosi alichungulia kutoka kwenye mfuko akauona. Ndugu Mhariri, alicheka. Si kile kicheko chake cha kila siku cha kuomba abebwe. Alicheka kwa mwili mzima mpaka akapata kwikwi, akinyoosha mikono yote miwili, mpaka wahasibu wakatoka ofisini kuja kuona kuna nini. Mlinzi akainama, akamwuliza, "Bosi, unakijua hiki?" Kabla hata hajamaliza kuuliza, nikasikia mtu anapiga kelele mapokezi yote, "Ni Krismasi, baba! Imekaribia! Na ni yako!" Mtu huyo alikuwa mimi.

Nilijaribu kurekebisha mambo. Nilimwambia ni Novemba. Hakuniamini, na wahasibu nao hawakuniamini. Halafu sijui nini kilinipata, nikajikuta namweleza yote, kwaya, taa za jirani, suti, kuku tutakayemtafuta kwa njia yoyote ile, na bibi yake anayemngojea kwa hamu, na nilikuwa nacheka na machozi yananitoka mbele za watu nisiowajua. Wiki zote hizi nilidhani namficha mtoto. Aliyekuwa anafichwa Krismasi pale nyumbani ni mimi.

Kwa hiyo ombi langu lote, kuanzia la kwanza hadi lile alilokalia, nalifuta. Ningeichana barua hii, lakini mlinzi ameshaigonga muhuri na anasema kilichogongwa muhuri ni mali ya ofisi. Tutafanya siku ileile ya watu wote, na kitakachokuwepo ndicho kitakachokuwepo. Naondoka sasa, nina suti ya kuongeza mikono.

Nikujulishe pia kwamba mti wenu umepungukiwa na tawi moja la chini. Bosi amelishika na hataki kuliachia. Usimlaumu mlinzi, alikuwa anatazama upande mwingine, kwa makusudi.