Nimemuua Mzee Salim Mbele ya Wanawe

Leo nimeumbuka. Si kuumbuka kwa kuteleza ukaanguka Makadara watu wakakuokota. Leo nimeua mtu, tena mbele ya wanawe.

Miezi minane sina kazi. Bi. Rukia, binti wa Mzee Salim mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini kule Mbaraki, akanisemea kwa babake: "Mpe nafasi japo aonyeshe anachokijua." Nikaitwa leo asubuhi.

Nilikwenda kuonyesha Kubernetes. Kazi yake ni kuchunga programu: moja ikifa, inainua nyingine papo hapo mahali pake. Nikaisimika kwenye kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, humo humo kwenye laptopu yangu kuukuu (iliwahi kumwagikiwa mbaazi za nazi). Nyumbani ilienda vizuri kabisa!

Hapo ningetulia. Lakini mimi na adabu zangu! Programu ya kwanza nikaiita MZEE SALIM, ya pili FARID, mwanawe wa kiume. Ikiwa nzima, maandishi ya kijani: YU HAI. Ikifa, mekundu: AMEKUFA. Herufi kubwa, Mzee asisumbuke kusoma.

Nimefika ofisini, nimechomeka waya wa laptopu, haya zikanishika. Bi. Rukia aliyenitafutia nafasi, jina lake halimo! Nikaongeza programu ya tatu upesi upesi. Ikakaa njano: ANASUBIRI. Kompyuta pepe ilikuwa imejaa, haina pa kumweka. Nikajiambia nafasi ikipatikana atapanda mwenyewe.

Akapanda kweli.

"Tazama, Mzee," nikasema kwa madaha, wanawe wote wawili wamekaa kando yake, "hii naiua makusudi." Nikabonyeza. Ukutani, projekta ilipomulika, herufi kama za mabango ya uchaguzi: MZEE SALIM AMEKUFA.

Mzee ametoka kupasuliwa moyo juzi juzi. (Nilijua. Ndiyo aibu yenyewe.)

"Usijali, Mzee, utafufuka sasa hivi!"

"Astaghfirullah," akasema Farid.

Hakufufuka. Nafasi aliyoiacha ilichukuliwa na aliyekuwa kwenye foleni. Njano ikageuka kijani: BI. RUKIA YU HAI.

Farid akamtazama dadake. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Rukia mwanangu, kumbe wangoja nife?"

"Wallahi baba, mimi hata mashini yenyewe siijui!" Akaanza kulia. Hapo roho iliniuma kuliko kuikosa kazi yenyewe. Nikajaribu kueleza habari za nafasi ya kompyuta, wala hakuna aliyenisikiliza. Farid akachomoa waya (betri ya laptopu ilikufa zamani). Wote watatu wakazimika.

Mzee akanisindikiza mpaka mlangoni, kwa heshima zote.

"Kijana, mimi kazi sikupi. Nikifa kweli, njoo umuombe Rukia."

Sasa niko Makadara, chai imepoa mbele yangu. Bi. Rukia hashiki simu.

Msinicheke. Anayejua ofisi inayotafuta fundi wa kompyuta anijulishe, ila majina ya wenyewe asinitajie kabisa.