Biskuti za Marseille na Birika la Dorothea

Jumatano, 28 Januari 1998

Nimeamua. Jumapili birika la marehemu mke wangu linarudi mikononi mwangu! Tangu tumzike Dorothea, dada Edah, yule Mkenya, ndiye anayemimina chai baada ya ibada yetu ya Kiswahili hapa Lanham, Marekani. Kwa birika letu. Na mandazi yake juu. Watu wanamsifu! Nitamshinda kwa Marseille, bandari ya Wafaransa. Dorothea aliwahi kuishi huko akilea watoto wa mwanadiplomasia, akarudi na kopo la biskuti zenye umbo la mashua. Kopo ninalo. Siku hizi lina vifungo vya nguo zake.

Ijumaa, 30 Januari

Binti yangu Irene ameniletea kitabu cha Marseille kutoka chuoni, College Park. Biskuti zimo! Nimekwenda hadi Wheaton kutafuta maji ya maua ya michungwa. Jiko likanukia kama Dorothea akijiandaa kwenda harusini. Nikakaa kidogo. Kisha nikaoka. Irene akagonga moja mezani, akauliza ni ya kula au ya kujengea. Watoto wa Marekani! Kitabu hakikusema ziwe laini.

Jumapili, 1 Februari

Nilitangaza: hakuna chai mpaka historia iishe. Nikaeleza kwamba miaka elfu mbili na mia sita iliyopita, wanavyosimulia, mabaharia Wagiriki walitia nanga pale siku binti wa mfalme wa huko alipokuwa akichagua mume. Akampa kikombe mgeni mmoja. Wakaoana, mji ukaanza. Nilikuwa nimefika kwa Warumi, Mzee Kibet wa kanisani kwetu alipouma biskuti. Ikatoka nzima, na jino lake la bandia limenasa humo. Akaniuliza, pengo wazi, mbona yule binti alimkaribisha mgeni kwa kinywaji, na mimi nawakaribisha kwa mawe. Walicheka hadi watoto wachanga!

Edah akamimina chai. Wakachovya. Haikubaki hata moja. Akaninong'oneza kwamba hata Dorothea biskuti za kule zilimshinda meno, akawa anazichovya. Mimi mumewe hakuniambia. Kisha akasema shemeji, birika ni lako, sikutaka tu kukutwisha kazi ukiwa na msiba.

Jumatatu, 2 Februari

Birika liko jikoni kwangu. Nimelisugua, linang'aa. Nikizidisha maneno, Dorothea alikuwa akinifinya mkono chini ya meza. Jana hapakuwa na wa kunifinya.

Nimetafuta kosa langu siku nzima. Nimelipata: historia ilikuwa fupi. Mwezi ujao napika supu ya samaki ya wavuvi wa Marseille, na miiba yake yote. Nitaanza tena na Wagiriki, nishuke hadi Vita vya Pili vya Dunia. Birika ninalo mimi. Tuone nani atamimina kabla sijamaliza!